Ukiambiwa "scrub", shika brashi: mwongozo wa vitenzi vya usafi vya Kiingereza kwa Waswahili walioko Uganda

Mwongozo huu ni wa mtu anayeijua kazi ya usafi lakini anakwamishwa na lugha ya anayemwagiza. Uganda watu hao ni wengi. Wapo waliotoka mashariki ya Kongo wakapitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka II kabla ya kufika Kampala. Wapo waliokulia Bombo na Arua, wapo watoto wa kambi za jeshi waliolelewa kwa Kiswahili, na wapo waliovuka mpaka kutoka Kenya na Tanzania kutafuta riziki. Mtu wa namna hiyo akipata kazi hotelini Entebbe au kwenye kliniki Mbarara, anakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa stoo, nayo imeandikwa Kiingereza kitupu. Kiswahili kimo katika katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo amri za kazi bado zinatolewa kwa Kiingereza, na asiyezielewa ndiye anayeitwa mvivu hata akifanya kazi mara mbili ya mwenzake.

Nataka aliyeonewa hivyo aache kuonewa. Njia ninayoiamini ni kutokariri orodha ya maneno. Kitenzi cha usafi cha Kiingereza hubeba ndani yake vitu vitatu: kifaa, maji na nguvu. Ukivijua vitatu hivyo, umeshaijua kazi unayotumwa. Tutaanza na "scrub", kwa kuwa hicho ndicho kinachofanywa nusu nusu kuliko vyote.

Hatua ya kwanza: kiulize kitenzi maswali matatu

Kila unaposikia kitenzi cha usafi, jiulize: kinataka kifaa gani, maji kiasi gani, na nguvu kiasi gani?

Chukua "clean". Hicho ni kusafisha kwa jumla, na hakisemi lolote kuhusu namna. Mtu akisema "clean the room", amekuachia uamuzi wote: ufagie, ufute, upige deki, ni juu yako, mradi chumba kiwe safi. Lakini akisema "scrub", ameshakuchagulia. Kifaa ni brashi au kitu kingine kigumu cha kusugulia. Maji yapo, tena na sabuni. Nguvu ni nyingi: mkono unakwenda na kurudi pale pale mpaka uchafu ulioganda uachie. Huo uchafu ulioganda ndio sababu ya kitenzi hiki kuwapo. Vumbi lililotua juu ya meza halihitaji "scrub". Utando wa sabuni kwenye vigae vya bafu, ukoko wa maharage chini ya sufuria, kola ya shati la mtu wa bodaboda, matope yaliyokauka kwenye soli ya kiatu, hivyo vinahitaji.

Wachunguzi wa asili ya maneno wanakihusisha kitenzi hiki na lugha za kale za Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, ambako neno la sura hiyo lilikuwa na maana hiyo hiyo ya kusugua sana. Kwa hiyo nguvu si nyongeza ya msimamizi wako mkali. Imo ndani ya neno tangu zamani.

Tamka "skrab", ile sauti ya katikati iwe "a" fupi. Wakati uliopita ni "scrubbed", unaotamkwa "skrabd". Kazi inayoendelea ni "scrubbing", na brashi yenyewe inaitwa "scrubbing brush". Ukifika duka la vyombo Kampala ukitaja jina hilo hutaulizwa mara ya pili.

Kwa Kiswahili tunacho "sugua", na kinatosha. Aliyezoea kusikia Luganda sokoni anacho pia "kukuuta", ambacho kiko karibu sana na "scrub". Asikichanganye na "kusiimuula", ambacho ni kufuta au kupiga deki.

Jua pia vitu visivyofanyiwa "scrub" hata kama vimechafuka: vioo vya dirisha, skrini ya televisheni, meza yenye vanishi, ukuta wa rangi ya maji, bodi ya gari, kikaangio kisichogandisha chakula. Brashi ngumu itaacha mikwaruzo isiyofutika. Ukiambiwa "scrub the window", huenda anayekuagiza amesema haraka tu, naye anataka kuosha. Uliza kwa adabu: "Please madam, should I scrub it or just wipe it?" Kwa wanaume Uganda watu husema "ssebo" hata katikati ya Kiingereza, na wanawake "nyabo". Maneno hayo mawili ya Kiganda yanalainisha swali lolote.

Hatua ya pili: fanya kazi yenyewe huku ukiitaja kwa Kiingereza

Kitenzi unachokitamka huku mkono unakitenda hakipotei upesi. Chagua sakafu ya bafu yenye vigae, utaje kila tendo kwa sauti.

Anza na "sweep", yaani fagia. Ondoa nywele na takataka hasa kwenye tundu la maji machafu, kwa sababu ukimwagia maji kabla ya kufagia unatengeneza matope ya kufukuzana nayo. Kisha "wet", lowesha sakafu. Kisha "apply", paka sabuni. Sabuni ya maji inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa inafaa, na sabuni ya unga iliyokorogwa inafaa pia. Halafu "leave it", iache kwa dakika tano hivi. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na ndipo wanapojichosha bure. Sabuni inahitaji muda wa kupenya chini ya mafuta na utando. Ukiipa muda huo, brashi inafanya kazi ndogo. Usiiache ikauke, maana ikikauka unakuwa umeongeza uchafu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Sasa "scrub". Anza kwenye kona iliyo mbali na mlango, urudi nyuma kuelekea mlangoni, ili usikanyage ulipokwisha kusugua. Shughulikia eneo dogo, kiasi mkono unapofika bila kusogea, kisha hamia jingine. Usiruke maungio ya vigae. Weusi wa bafu hukaa humo, wala si juu ya kigae chenyewe, na mswaki wa zamani hufika mahali ambapo brashi kubwa haifiki. Ukuta ukiwa umo katika kazi, anza na ukuta ndipo ushuke sakafuni.

Baada yake ni "rinse", suuza kwa maji safi mpaka povu liishe. Sabuni iliyobaki sakafuni huvuta vumbi na humtelezesha mtu akaanguka. Maji yasukume kwa ile mpira yenye mpini mrefu. Kiingereza cha vitabuni kinaiita "squeegee", lakini Uganda dukani na kazini utasikia "squeezer", basi sema hivyo utaeleweka. Mwisho "dry", kausha kwa tambara au dekio lililokamuliwa.

Kuna kitenzi kimoja kinachodhaniwa kuwa kisawe cha "scrub", nacho si kisawe: "disinfect", yaani kuua vijidudu kwa dawa. "Scrub" huondoa uchafu. "Disinfect" huua kilichobaki. Huwezi kuruka cha kwanza ukafanya cha pili, kwa sababu dawa ya klorini, ile ambayo wengi wetu tunaiita jiki bila kujali chupa imeandikwaje, hupotezea nguvu zake kwenye uchafu kabla haijafika kwa vijidudu. Uganda imelijua hili kwa uchungu, tangu Ebola ya Gulu mwaka 2000 hadi ile iliyotangazwa Mubende Septemba 2022. Katika milipuko kama hiyo, maji ya klorini ya asilimia 0.05 ndiyo ya mikono na ya asilimia 0.5 ndiyo ya sakafu na vifaa, na sakafu husafishwa kwanza ndipo ikapakwa dawa. Karatasi ikisema "scrub, then disinfect", ufuate mpangilio huo huo.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: usichanganye klorini na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa yenye amonia. Mchanganyiko wa kwanza hutoa gesi ya klorini, wa pili hutoa gesi nyingine za sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha linatosha kumuua mtu. Ukitumia moja, suuza kwa maji mengi kabla ya kufikiria nyingine. Ukianza kukohoa na macho kuwasha, acha kila kitu, toka nje, uache mlango wazi.

Hatua ya tatu: panga visawe kwa nguvu, si kwa alfabeti

Kamusi itakupa visawe vya "scrub" kwa msururu kana kwamba vinabadilishana nafasi. Havibadilishani. Vipange kuanzia mguso mwepesi hadi ule unaokwaruza, utaona kila kimoja kimekaa mahali pake.

Chepesi kabisa ni "dust": kupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu au manyoya, bila maji. Kinachofuata ni "wipe", kufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mkono ukipita mara moja au mbili. "Mop" ni kupiga deki. Iwe kwa dekio la mpini, iwe kwa tambara umeinama kama wafanyavyo wengi Uganda, vyote huitwa "mop".

"Rub" ni kusugua pia, ila ni neno pana lisilosema nguvu kiasi gani wala kifaa gani. Unaweza kusugua macho kwa "rub", ukapaka dawa ya kuchua mgongoni kwa "rub", na shuleni Uganda mwalimu akimwambia mtoto "rub the blackboard" anataka afute ubao. Kwa hiyo ukiambiwa "rub it gently", usilete brashi. "Brush" ni kupitisha brashi, kwa maji au bila maji: unapiga viatu brashi, unapiga koti brashi, unapiga meno mswaki. Kila "scrub" ya brashi ni "brush" yenye nguvu, lakini si kila "brush" ni "scrub".

Kisha "scrub" yenyewe, halafu juu yake "scour".

Kwenye "scour" inafaa tutulie, kwa kuwa jikoni kwetu ndiko kitenzi hiki kinakoishi. "Scour" ni kusugua kwa kitu chenye chembe au nyuzi zinazokwaruza: stili waya, mchanga, majivu, unga wa kusugulia vyombo. Mama wa kijijini anayechota majivu ya jikoni, akayatia maji kidogo, akasugua sufuria kwa kipande cha jani au nyuzi za mgomba mpaka aluminiamu ing'ae, hiyo ndiyo "scour" kamili, na anaifanya kwa ufundi ambao kitabu cha hoteli hakiuzidi. Majivu yana kazi mbili: chembe zake hukwaruza, na magadi yaliyomo hukata mafuta. Dodoki, ambalo kwa Luganda ni "ekyangwe", ni laini zaidi. Hilo ni la "scrub", tena la mwilini pia, wala si la "scour".

Masizi ya nje ya sufuria ndiyo yanayowachosha watu kuliko ukoko wa ndani. Ikiwa unapikia kuni, paka sehemu ya nje ya sufuria sabuni ya mche iliyoloweshwa, au udongo laini, kabla ya kuiweka mekoni. Masizi yatashika juu ya sabuni au udongo badala ya kushika chuma, na ukimaliza kupika utayaosha yote kwa maji. Kwa Kiingereza ungesema hukulazimika "scour", ulihitaji "wash" tu. Ukoko wa ndani nao, mimina maji na sabuni uuache uloweke. Kitenzi chake ni "soak". Mpishi anayekuambia "soak it first" anakuonea huruma, msikilize.

"Scour" ina maana ya pili utakayoikuta kwenye magazeti ya Kampala: kusaka mahali pote bila kuacha. "Police scoured the swamp" maana yake polisi walipekua kinamasi chote, wala hakuna aliyebeba stili waya.

Mwisho wa ngazi ni "scrape", kukwangua kwa kisu, kijiko au chombo chenye ukingo mkali. Hapo maji si lazima. Unakwangua nta ya mshumaa mezani, au ukoko wa posho, yaani ugali, chini ya chungu, ndipo unaendelea na "scrub".

Ukipewa neno usilolijua, uliza liko karibu na "wipe" au karibu na "scour". Jibu lolote kati ya hayo litakuonyesha kifaa cha kushika.

Hatua ya nne: usichezewe na "wash"

Hapa Kiswahili kimejaa kuliko Kiingereza, na Mswahili ndiye anayechanganyikiwa kwa sababu anatafuta tofauti ambazo mwenzake hana. Sisi tunafua nguo, tunaosha vyombo, tunanawa mikono, tunaoga mwili, tunatawadha kwa ajili ya sala. Mwingereza anaweza kusema "wash" kwa vyote hivyo. Luganda nayo ina mgawo wake: "okwoza" kwa nguo na vyombo, "okunaaba" kwa mikono na mwili pia. Kwa hiyo ukisikia "wash", sikiliza neno linalofuata. "Wash clothes" ni fua, "wash your hands" ni nawa. Uganda vyombo vya jikoni huitwa "utensils", basi "wash the utensils" ni osha vyombo. Kuoga watu wengi hapa husema "bathe", na ukisema hivyo utaonekana mwenyeji.

Kufua kuna vitenzi vidogo vidogo ndani yake. "Soak" ni loweka. "Rub" ni fikicha kwa mikono miwili. "Scrub the collar" ni kusugua kola kwa brashi juu ya kitu bapa, na hiyo ifanyike kwa kitambaa kigumu tu, maana hariri na sweta zitachanika au kuota vinyweleo. "Rinse" ni suuza, "wring" ni kamua, "hang" ni anika.

Jerikani la maji ndilo linalowatatiza wengi, kwa kuwa mdomo wake ni mwembamba na mkono hauingii. Kusuuza peke yake hakutoshi. Ule utelezi wa kijani ulioshika kuta za ndani hautoki kwa "rinse". Tia changarawe ndogo zilizooshwa au mchanga msafi, ongeza maji kidogo na sabuni, funga, ulitikise kwa nguvu kwa kulipindua pande zote, kisha mwaga na usuuze mpaka maji yatoke meupe. Changarawe zimekufanyia "scrub" mahali ambapo brashi haifiki. Msimamizi akikuuliza, jibu: "I scrubbed it inside with small stones, then I rinsed it."

Hatua ya tano: hospitalini neno lile lile lina watu wengine

Ukiajiriwa hospitalini utasikia "scrub" mara nyingi kwa siku, na mara nyingi haikuhusu wewe. Daktari akisema "I am going to scrub" au "scrub in", anakwenda kunawa mikono hadi kwenye viwiko kabla ya upasuaji. Si kunawa kwa kawaida. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, linataja dakika 2 hadi 5 kwa unawaji huo, ilhali kunawa kwa sabuni kwa kawaida ni sekunde 40 hadi 60. Mikono huinuliwa juu ya viwiko ili maji yashuke kuelekea kiwikoni na yasirudi vidoleni. Mwongozo huo huo haupendekezi brashi kwa kazi hiyo, kwa kuwa inachubua ngozi. Kitenzi kimebaki, brashi imeondoka.

"Scrub nurse" ni muuguzi anayempa daktari vifaa wakati wa upasuaji, naye amenawa vile vile. Si mfanyakazi wa usafi. "Scrubs" ni yale mavazi mepesi ya kijani au bluu, shati na suruali. Ukiambiwa "bring me clean scrubs", leta nguo, usilete brashi. Na "theatre" ni chumba cha upasuaji. "Scrub the theatre floor" hiyo sasa ndiyo yako, na kwa chumba hicho uliza dawa gani na ndoo gani kabla ya kuingia. Ndoo ya chooni haiingii humo kamwe.

Hatua ya sita: maana zilizotoka nje ya usafi

Hizi zijue ili zisikushtue, lakini usizipe muda mwingi.

Saluni za Kampala zinauza "body scrub", mchanganyiko wa sukari, chumvi au unga wa kahawa na mafuta, wa kusugua ngozi iliyokufa. Waswahili wa pwani hawahitaji kueleza sana. Singo anayosuguliwa bibi harusi ni jamaa yake wa karibu, ila singo inanukia vizuri zaidi.

Katika habari za roketi, "scrub" ni kuahirisha urushaji. Waganda waliofuatilia setilaiti yao ya kwanza, PearlAfricaSat-1, walilisikia neno hilo. Roketi ya Antares iliyoibeba ilikuwa iondoke Wallops, Virginia, tarehe 6 Novemba 2022, kengele ya moto ikalia kwenye jengo la kuongozea safari, urushaji ukaahirishwa, na roketi ikaruka kesho yake, tarehe 7. Vyombo vya habari vya Kiingereza viliandika kwamba urushaji ulikuwa "scrubbed", na hakuna aliyesugua chochote.

Jina likiondolewa kwenye orodha huweza kusemwa "scrubbed from the list". Na "scrub" kama nomino ni vichaka vifupi vya sehemu zenye ukame, kama vile vya Karamoja. Neno hilo lina undugu na "shrub", halina undugu na brashi.

Hatua ya saba: soma karatasi ya stoo

Sasa jipime. Hizi ni amri za aina unayoweza kuikuta ukutani. Funika maelezo kwa mkono, isome amri, useme kifaa, maji na nguvu, kisha fungua uangalie.

"Sweep the compound every morning." Fagia uwanja wa nyumba. "Compound" Uganda ni eneo lote ndani ya ua. Ufagio ni ule mgumu, wala si laini wa ndani. Ikiwa imeandikwa "slash the compound", hiyo ni kufyeka majani, usije na ufagio.

"Dust the shelves before you mop." Pangusa vumbi rafuni kwanza, ndipo upige deki. Vumbi huanguka chini, na aliyeanza na sakafu atairudia.

"Wipe switches and door handles with a damp cloth." "Damp" ni unyevu tu. Kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoshe hata tone, kwa kuwa swichi ina umeme. Sabuni ipakwe kwenye kitambaa, isimwagwe ukutani. Vitasa vya milango hushikwa na kila mtu, kwa hiyo visirukwe hata siku ambayo vinaonekana safi.

"Scrub sinks and toilets, then disinfect." Anza na sinki, malizia choo, kila kimoja na brashi yake. Brashi ya choo isiguse sinki hata ikiwa imeoshwa. Sabuni, subiri, sugua, suuza, ndipo klorini, nayo uiache ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa kabla ya kuisuuza.

"Scour the saucepans. Do not scour the non-stick pan." Sufuria ni stili waya au majivu. Kikaangio kisichogandisha ni sponji laini na sabuni basi.

"Scrub out the water drum." "Out" hapa inasema ndani. Mwaga maji yote, ingiza brashi ya mpini mrefu, sugua kuta na kitako, suuza mara mbili.

"Scrub down the verandah on Saturdays." "Down" inasema eneo zima, tangu juu hadi chini, pamoja na kuta fupi na ngazi. Ni kazi inayokula maji mengi, na Jumamosi mabomba hayaaminiki katika mitaa mingi ya Kampala, kwa hiyo jaza mapipa Ijumaa jioni kabla hujaondoka.